Matuba Sita ya Watu wa Tamarack

Wapo watu hapa Kettner wanaosema Ardith Vosberg alifukuzwa kikosini kwa wizi. Wanalisema dukani, wanalisema kanisani baada ya ibada wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi, na wakiniona mimi natokea wanageuza maneno na kuulizana habari za mvua. Hawana haya. Mimi Bernadine Kubiak nimepika kwenye gari la jikoni la kikosi kile miaka kumi na tisa. Siku yenyewe nilikuwepo, nilisimama hatua kumi tu kutoka pale alipofukuziwa, mwiko mkononi. Basi nitaisema ilivyokuwa, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Kwanza muielewe kazi yenyewe. Kikosi chetu cha ngoma na tarumbeta kinaitwa Wavushaji, kwa sababu babu zetu walikuwa wakivusha watu na ng'ombe mtoni kabla daraja halijajengwa. Kila kiangazi vijana mia na hamsini, mkubwa wao kabisa miaka ishirini na mmoja, wanazunguka nchi kwa mabasi. Wanalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule, mchana kutwa wanapiga gwaride juani, jioni wanashindana na vikosi vingine viwanjani. Watu wakiwaona wanavyong'aa wanadhani matarumbeta yale ni mali yetu. Mali yetu wapi! Hatumiliki hata moja.

Mambo yanakwenda hivi. Wakati wa baridi kiwanda kinatuletea matarumbeta mapya, yamechovywa fedha, tuyatumie msimu mmoja. Tunayapiga kiangazi kizima, watu wanayaona na kuyasikia, kiwanda kinapata sifa. Agosti ikifika tunayauza kwa shule, kwa bei ya chini kuliko ya dukani maana yameshatumika. Kiwanda kinachukua chake, kinachobaki kinatia mafuta mabasi. Mwaka unaofuata yanakuja mengine. Sasa, mwalimu mwenye akili hangoji Agosti. Anakuja Januari, anaweka ahadi yake. Kwa hiyo kijana anaweza kulibeba tarumbeta miezi mitatu, analilea, analifuta jasho, kumbe tangu siku ya kwanza lina mwenyewe huko mbali. Akilibonyeza, amebonyeza kitu cha mtu.

Mtunza matarumbeta ndiye anayehakikisha halibonyei. Kwetu mtunza huyo alikuwa Ardith, kwa miaka thelathini na mmoja.

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, maili nne nje ya mji. Mwaka wa sitini na nne, akiwa na miaka kumi na mitano, alikwenda kwenye jumba la askari wastaafu, ambao ndio waliokuwa wenye kikosi siku hizo, akaomba tarumbeta. Walimcheka. Wasichana walikuwa wakipewa bendera za kuzungusha. Ardith alikuwa ameshalinyanyua moja mezani, ameshaliweka mdomoni, mzee mmoja akalichukua taratibu kutoka mikononi mwake. "Hili si lako, binti," akamwambia.

Bendera hakuichukua. Jumamosi iliyofuata alirudi na ndoo na sabuni ya vyombo, akawaambia, "Kama hamtaki niyapige, nitayaosha." Wazee wakaona hewala, kazi ya bure hiyo. Hawakujua wamemfungulia mlango nani. Miaka ikapita, wasichana wakaanza kuruhusiwa, wazee wakazikwa mmoja mmoja, na Ardith yupo tu na ndoo yake, hadi mwaka wa sabini na nane wakampa funguo na cheo cha mtunza. Mchana alichomelea mabomba kwenye kiwanda cha pampu, ndiko alikoijua shaba. Ukimpa tarumbeta limeingia ndani kama kopo lililokanyagwa, anapitisha gololi za chuma tumboni mwake, anagonga, anasikiliza, anagonga tena, hadi ukilipitishia kidole hupati alama. Mumewe Harlan alifariki mapema na watoto hawakujaliwa.

Nilimwuliza siku moja kama hakuwahi kutamani kupiga, hata kidogo, hata peke yake ghalani.

"Bernie," akanijibu bila kuinua macho, "vitunguu vyako vinaungua."

Vilikuwa vinaungua kweli. Lakini jibu si hilo.

Sheria zake zilikuwa ngumu na hakuzilegeza kwa yeyote. Huligusi tarumbeta bila glavu nyeupe, maana jasho la vidole linakula fedha. Kila Jumapili matarumbeta yote yanaoga kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, maji ya uvuguvugu, yanafutwa na kutiwa mafuta. Na matuba, yale makubwa yanayobebwa begani, vikosi vingine huyasimamisha chini kwa mdomo wake mpana wakati wa kupumzika. Kwa Ardith? Thubutu! Tuba linalazwa juu ya taulo, ama unabaki nalo begani. Niliwahi kumwona akimkimbiza kijana wa futi sita na nusu uwanja mzima kwa sababu amelisimamisha afunge kamba ya kiatu.

Na kila asubuhi, kabla hata ya mkate na siagi ya karanga, aliwapanga mstari na kuuliza kwa sauti ile ya kuita ng'ombe, "Tarumbeta hilo la nani?"

"Si langu!" wanajibu wote.

"La nani?"

Hapo wale ambao matarumbeta yao yameshaahidiwa wanataja jina la shule. Wengine wanasema, "La mwenzetu tusiyemjua!" Wageni walikuwa wakicheka wakisikia. Vijana hawakucheka.

Sasa nije kwenye mwaka wenyewe, 2009. Januari, theluji imefika madirishani, basi bovu la shule la rangi ya manjano likasimama mbele ya ghala letu. Akashuka mwanamume mwembamba, ndevu zimeganda, amebeba sanduku la kadibodi. Eino Rautio, mwalimu wa muziki wa Tamarack, mji mdogo wa migodi ya chuma huko kaskazini mwa Michigan. Alikuwa ameendesha kwa muda wa saa saba. Ndani ya sanduku mlikuwa na pai za nyama na viazi, zile ambazo wachimba migodi walikuwa wakishuka nazo shimoni, zimeviringishwa blanketi, bado za moto kidogo katikati.

"Kuleni," akasema. "Hizi ndizo zinazonunua matuba."

Wanafunzi wake walikuwa wamezipika na kuziuza mlango kwa mlango majira mawili ya baridi. Shule nzima haifiki watoto mia. Matuba waliyokuwa nayo yalishikana kwa utepe wa fundi umeme, na mawili hayakuwa yakitoa sauti kabisa. Halmashauri ya shule yao ilikuwa imesema wazi: kwenye mechi ya Oktoba, ile ambayo waliosoma pale zamani hurudi nyumbani, bendi iingie uwanjani imekamilika, ama somo la muziki lifutwe na chumba kiwe stoo.

"Unataka mangapi?" Ardith akamwuliza.

"Sita. Nina nusu ya bei. Nusu nyingine tunaiuza bado." Akaonyesha pai.

Ardith alitafuna pai yake hadi ikaisha, akajifuta mkono kwenye suruali, akaunyoosha. "Sita ni yako. Agosti, fainali ikiisha." Wakashikana mikono. Akachukua nusu ile, akampa risiti, na jioni yake akafunga lebo kwenye masanduku sita makubwa: TAMARACK, moja hadi sita. Mkurugenzi wetu wa zamani hakuuliza swali. Mkono wa Ardith ulikuwa unatosha miaka yote.

Machi mkurugenzi wa zamani alistaafu, tukaletewa Corbin Haverkamp. Kijana mtanashati, ametoka kampuni ya bima, simu mbili mkononi, meno yote yapo. Sitamsingizia, hakuwa mtu mbaya. Mabasi yalikuwa yanazeeka, na yeye alitaka mapya, na kwa kutaka huko ndiko alikoharibu.

Julai tulikuwa Iowa, jua la kukaanga yai kwenye bati. Nawakatia watu tikiti maji, Ardith amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anasafisha vali za tuba, zile zinazobonyezwa kwa vidole, Corbin huyo anakuja na tabasamu.

"Mama Ardith, nina habari njema!" akasema. "Nimepata mnunuzi wa seti nzima. Yote sitini na manne, kwa mkupuo. Bwana Pruitt, mfanyabiashara mkubwa. Ana shule kubwa huko kusini inayataka, na bei yake si ya kawaida."

"Hamsini na manane," Ardith akasema.

"Samahani?"

"Yapo hamsini na manane ya kuuza. Sita yana wenyewe."

Corbin akachuchumaa, ile ya mtu anayetaka kumbembeleza mtoto. "Nimeona faili. Hakuna mkataba na Tamarack. Kuna risiti tu. Tutawarudishia pesa yao, na barua nzuri ya kuomba radhi. Pruitt bila matuba hataki seti. Matuba ndiyo magumu kupatikana."

"Ndiyo maana mwalimu yule alikuja Januari kwenye theluji."

"Mama, hii ni biashara."

"Na mimi nakuambia biashara. Kitu kimeshauzwa. Utauzaje kitu kimeshauzwa?"

"Tutawarudishia kila senti."

"Na pai?" Ardith akamwuliza. "Tulikula pai zao. Bernie alikula tatu. Utazirudishaje?"

Mbili. Nilikula mbili, lakini haikuwa saa ya kusahihishana. Corbin alinitazama, mimi nikaendelea kukata tikiti. Akainuka akasema uamuzi umeshapitishwa na kamati ya kikosi, akaomba ushirikiano wake, na alipofika mbali kidogo akageuka: "Mwaka ujao tutahitaji kutazama upya majukumu ya kila mtu."

Vitisho hivyo, kwa mwanamke aliyechomelea vyuma miaka ishirini na minane! Ardith akarudi kwenye vali zake. Lakini niliona anavyozisugua kwa nguvu, na ile haikuwa hofu. Alikuwa amekasirika hadi shingo imekuwa nyekundu.

Wiki iliyofuata Corbin alipanda ndege kurudi Kettner. Huko ghalani ndiko masanduku ya matarumbeta yanakokaa kiangazi kizima, matupu, kwa sababu njiani matarumbeta yanalala kwenye rafu za lori, hayana haja ya sanduku. Akakata lebo za Tamarack kwa mkasi, akafunga za Pruitt, akapiga picha, akampelekea mnunuzi wake. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha. Mtu wa bima, anaamini kilichoandikwa kwenye karatasi. Hakuwahi kuamka mapema akafika mstarini, akawasikia vijana sita wa matuba kila alfajiri wakiitika "La Tamarack!" hadi mishipa inawatoka. Tangu Mei walikuwa wakilisema. Mmoja wao, Delphine Okerlund, kiongozi wa safu ya matuba, alikuwa ameshaandikiana barua na watoto wa huko, anajua nani atapiga lipi.

Ardith alinifuata jikoni. "Nipe simu yako."

"Ya kwako je?"

"Ya kwangu inalipwa na kikosi. Sitaki kumwibia mtu dakika."

Huyo ndiye mwizi wao. Alimpigia Rautio mbele yangu, akamwambia maneno mawili matatu: njoo na basi lako Indiana, asubuhi baada ya fainali, uje na nusu iliyobaki, na usiongee na mtu yeyote hadi unione. Akakata.

"Atakufukuza," nikamwambia.

"Anifukuze."

"Miaka thelathini na mmoja, Ardith. Utafanya nini na Jumapili zako?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Na yule mwalimu atawaambia nini wale watoto? Kwamba mikono yetu ilikuwa ya mchezo? Mimi nimewafundisha watoto hawa kila asubuhi kwamba kitu ni cha mwenyewe. Leo niwaambie isipokuwa akitokea mwenye pesa? Ng'o! Siwezi. Na siwezi kwa sababu sitaki."

Nilimwogopea, nasema kweli. Mume hana, mtoto hana, nyumba yake nzima inanuka mafuta ya vali. Kikosi ndicho kilichokuwa kwao.

Fainali tulishika nafasi ya kumi na moja, na tulilia kwa furaha kama tumeshinda. Asubuhi yake, kwenye maegesho ya uwanja ule, vikosi vyote vilikuwa vinafanya jambo moja: kukabidhi. Ungeona magari ya shule kutoka kila jimbo yamepangana, walimu wanachungulia midomo ya matarumbeta, vijana wanalifuta tarumbeta mara ya mwisho na kugeuza uso pembeni wasionekane wanalia. Kwetu desturi ni kwamba kijana mwenyewe analiweka mikononi mwa mnunuzi. Halipiti mezani. Ardith ndiye aliyeileta desturi hiyo, akisema kitu ulichokilea ukikabidhi mwenyewe.

Mwaka huo Corbin aliweka meza. Nyuma yake masanduku sitini na manne yaliyoletwa kutoka Kettner, yamefunguliwa, na pembeni lori jeupe la Bwana Pruitt, na Pruitt mwenyewe, mnene, mpole, kofia ya majani. Matarumbeta madogo yakaingia, ya kati yakaingia. Ardith amesimama na funguo za rafu kiunoni. Ng'ambo ya maegesho, basi la manjano limetulia, na Rautio amekaa kwenye ngazi yake amekunja kofia mkononi.

Wakaja wa matuba. Delphine mbele, glavu mkononi, fedha inawaka juani.

"Weka humo tu, Delphine," Corbin akasema, akionyesha sanduku.

Delphine hakuweka. Alimgeukia Ardith, na wenzake watano wakageuka.

Ardith akapandisha pumzi. Sauti ile ya kuita ng'ombe ikatoka, maegesho yote yakasikia. "Okerlund! Tuba hilo la nani?"

"Si langu!"

"La nani?"

"La Tamarack!" Wote sita. Halafu nyuma yao, wale wa tarumbeta waliokwisha kukabidhi, wale wa ngoma, hata wasichana wa bendera, wakaitika bila kuulizwa: "La Tamarack!" Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya gari la jikoni na mwiko, na nimepiga kelele pia, kwa nini nifiche?

Corbin akawa mwekundu. "Mama Ardith, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Mbele za watu ndipo pazuri. Nikifanya nyuma yao utaniita mwizi."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Waambie Januari mlipokea nusu ya pesa ya watoto wa shule mkawapa risiti, na Agosti mnamwuzia mwingine. Mimi nitakaa hapa hapa niwangoje, hata kiti naomba."

Kuna mtu akacheka. Corbin akalisikia lile cheko, nadhani ndilo lililomchoma kuliko maneno. "Basi umefukuzwa kazi," akasema. "Sasa hivi. Leta funguo."

Nikasema moyoni, haya, limekuja.

Ardith akafungua mkanda, akazichomoa funguo, akaziweka mezani mbele yake. Alizipanga vizuri, kubwa kwanza. "Haya. Nimefukuzwa," akasema. "Okerlund, unangoja nini? Mbele, tembea!"

Wakainua matuba begani na wakatembea. Hawakutumwa kupiga lakini walipiga, wimbo wetu wa zamani wa mtoni, matuba matupu bila tarumbeta hata moja juu yake, na lami yote ilikuwa inanguruma. Watu wa vikosi vingine waliacha walichokuwa wakifanya wakawapisha njia. Ardith alikwenda pembeni yao, hatua kwa hatua, mguu wa kushoto kwa mguu wa kushoto, yeye ambaye hajawahi kupewa nafasi mstarini maisha yake yote.

Kwenye basi Rautio alikuwa ameshatoa hundi ya nusu iliyobaki. Ardith akamwambia, "Hundi mpe yule pale, mkononi mwake, watu waone." Rautio akavuka akampa Corbin hundi, na Corbin akaipokea. Nawauliza wa dukani na wa kanisani: mwizi gani huyo anayeacha hundi? Na ilikwenda benki, nina hakika.

Kisha ikaonekana kwamba matuba hayana masanduku. Yapo nyuma ya meza, na Corbin ameyakalia. Ni saa kumi na mbili za barabara mbovu kutoka pale hadi Tamarack, na tuba bila sanduku litafika limekuwa kapu. Pruitt, ambaye hadi hapo alikuwa amesimama tu akijipepea, alikohoa akasema kwamba yeye masanduku sita matupu hana kazi nayo. Corbin akasema ni mali ya kikosi, hayaondoki. Ndipo Delphine alipokimbilia basi letu, akarudi na mfuko wake wa kulalia, ule aliolala nao sakafuni misimu minne. Akaliingiza tuba ndani, akavuta zipu hadi shingoni. Wenzake wakafanya vilevile. Matuba sita yakalazwa kama watoto kwenye viti vya basi, mawili mawili, yamefunikwa vizuri, na Rautio akayafunga mikanda.

Pruitt aliyachukua hamsini na manane, akapunguza bei, akapata matuba kwingine. Kikosi hakikufa. Mabasi ni yale yale na bado yanatembea.

Ardith alikaa nyumbani. Septemba nzima nilikuwa nampelekea supu, nikimkuta amekaa jikoni, mikono juu ya meza, haijui ifanye nini. Hakujuta, msije mkanielewa vibaya. Nilimwuliza akaniambia, "Ningezaliwa tena ningefanya hivyo hivyo, ila mapema zaidi." Lakini alikuwa amekonda.

Oktoba ikaja barua ya Rautio yenye tiketi mbili. Nikamtia garini kwa nguvu.

Tamarack kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Uwanja mdogo, viti vya mbao, watu wamejifunika mablanketi, harufu ya pai kila mahali. Bendi ilikuwa imejipanga nyuma ya goli ikingoja kuingia, nasi tulikwenda kuwatazama kwenye uzio. Karibu yao kulikuwa na masanduku sita ya mbao, yamechongwa na baba wa mtoto fulani, na ndani yametandikwa mifuko ya kulalia ya vijana wetu, imekatwa na kushonwa kufuata umbo la tuba. Ardith aliyaangalia muda mrefu.

Mwisho wa mstari wa matuba alikuwepo msichana mdogo, miaka kumi na minne hivi, glavu zimemzidi vidole. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akalishusha tuba lake akalisimamisha majanini, mdomo chini, akainama.

Jamani! Sikuwahi kuona mwanamke wa miaka sitini akiruka uzio. "Wewe! Inua! Inua haraka!" Bendi nzima iligeuka. Msichana akalikumbatia tuba lake kwa hofu, akalirudisha begani.

"Tuba hilo la nani?" Ardith akanguruma.

Mtoto yule hakuijua desturi yetu. Hakujua kuna jibu. Alimtazama bibi huyu asiyemfahamu, halafu akanyanyua kidevu.

"Langu," akasema. "Nimeuza pai mia mbili na kumi. Langu mimi."

Miaka thelathini na mmoja ya asubuhi, na hakuna mtu aliyewahi kumjibu Ardith hivyo. Machozi yalimtoka palepale, yakashuka, wala hakuyafuta. Filimbi ikapigwa, bendi ikaanza kusogea, na msichana akashusha macho kwenye kiatu chake kwa wasiwasi.

"Basi lishike," Ardith akamwambia, akapiga magoti kwenye majani yenye barafu. "Usiliachie. Kiatu nitakufunga mimi."